Posa ya Daktari Wanu Isiyojibiwa

Kiembe Samaki, Unguja

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuchagua Madaktari wa Kusomea Ubingwa

Mheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni Wakil Simai, fundi saa wa Darajani, baba mzazi wa Dkt. Wanu, aliyeomba kwenu nafasi ya kusomea ubingwa wa watoto. Majina mmeyabandika, lake halimo. Nimekasirika, lakini nimelelewa, kwa hiyo nitalalamika kwa nambari.

1. Hamkujibu. Hata anayekataa posa hurudisha jawabu. Nyinyi mmekaa kimya miezi mitatu, kana kwamba hapana aliyebisha hodi.

2. Adabu zote tulizifuata. Anayeposa hajipeleki mwenyewe, posa yake hupelekwa na mshenga, ndiyo maana nilimkataza Wanu kuleta maombi kwa mkono wake. Mama yake aliifukiza bahasha udi, tukamkabidhi shemeji yangu Hamid, ambaye ameshaposea wanaume kumi na mmoja na hakuna aliyekataliwa.

3. Mmemchukua Munir, mtoto wa jirani. Huyu alileta karatasi zake mwenyewe, kwa pikipiki, tena na jasho lake. Wanu alimshinda mitihani yote. Mnatafuta madaktari au matarishi?

4. Binti yangu sasa anajiona hafai. Amefungua vitabu vya mwaka wa kwanza anavisoma upya, anatafuta alipokosea. Hili linaniuma kuliko yote, na lilistahili kuwa nambari moja.

5. Kwa hayo, Kamati nzima ije nyumbani na sinia la halua, imwombe radhi mama yake Wanu, kisha ijiuzulu. Tusipopata jawabu kufikia Ijumaa, mtaa wetu utamtangaza Wanu kuwa bingwa bila ya nyinyi.

Wasalimieni manesi, walinzi, na mama anayeuza chai hapo getini, ambaye hana kosa.

Wenu aliyeudhika kwa heshima,
Wakil Simai

Baada ya sahihi: Nilimpelekea Shemeji Hamid barua hii aipitie. Alifika nambari mbili, akainuka, akafungua kabati, akatoa bahasha ya Wanu, ingali inanukia udi. "Si wewe ulonambia nsubiri Mfunguo Tano upite, jambo la kheri halianzwi mwezi ule?" Ni kweli, nilimwambia. Mwezi ulipita, ukaondoka pamoja na tarehe yenu ya mwisho. Basi madai yangu nayafuta yote, isipokuwa la kwanza. Mjibuni Wanu. Mwandikieni kwamba maombi yake mliyasoma, kwamba alifaa sana, ila nafasi zilikwisha. Nataka avifunge vile vitabu, na kumwambia ukweli mimi sithubutu.