Panya Mwenye Jina la Baba Mkwe

Nyuma ya stendi,
Bariadi.

Kwako Baba Mkwe, Mzee Jumbe,
Nyalikungu, Maswa.

Assalaam alaykum. Mimi mkweo Tajudin ni mzima wa mwili. Hali ya nyumba utaisoma humu ndani. Natumaini nawe hujambo, duka la vitenge linakwenda, na ule mguu umepunguza kusumbua.

Nisamehe kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Simu nimejaribu. Lakini kila nikikusikia ukikohoa upande wa pili nasahau nilichotaka kusema, najikuta nakuuliza habari za mvua. Mambo ya wakwe yanataka karatasi, maana karatasi haikohoi.

Baba, naleta kwako mashtaka dhidi ya binti yako Muzdalifa, ambaye sasa yuko hapo kwako pamoja na wenzake aliowabeba kwenye tenga na kwenye ndoo yenye mfuniko uliotobolewa. Bila shaka mmekwisha kutambulishana. Wale wenye masikio marefu ni sungura. Waliobaki ni panya. Wala si panya wa kizungu weupe wa kwenye picha. Ni hawa hawa wa kwetu, wanaokula michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na mbegu za pamba, ambao mimi mkweo nawaua ili binti yako ale.

Kazi yangu unaijua, kwa sababu uliiuliza siku ya posa, nikakujibu, ukanyamaza mpaka chai ikapoa. Nauza dawa ya panya. Nazunguka mitaa ya Bariadi na baiskeli yenye spika, na siku za mnada nakwenda Nkololo. Sauti iliyomo kwenye spika ni ya Muzdalifa mwenyewe. Tuliirekodi tulipokuwa maharusi: "Dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni! Panya akila haozi, hanuki, anakauka kama mchembe!" Mji mzima unaijua. Watoto wanaiimba wakienda shule. Ndipo mwenye sauti hiyo akaamua kuwa mama mlezi wa panya. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuharibiwa ushahidi wa biashara. Mteja wa mnadani hanunui kwa kusikia, ananunua kwa kuona. Kwa hiyo huwa nabeba boksi lenye panya walionaswa kwenye gundi, nalifungua mbele za watu, wanashangaa, wananunua. Siku hiyo Nkololo niliwakusanya watu, nikawatania, wakanogewa, nikafungua boksi. Ndani kulikuwa na kibao kilichopakwa mafuta na maganda ya karanga. Mzee Mayige, mteja wangu mkubwa, ambaye panya wamemmalizia michembe ghalani, akachungulia, halafu akanisalimia upya kwa Kisukuma kana kwamba ndiyo kwanza nafika: "Mwangaluka, bhabha. Hii gundi yako panya wananasa, au wanapumzika tu halafu wanaendelea na safari?" Mnada ukacheka, na wauza ng'ombe walitoka kule kwao kuja kucheka nasi. Nilipofika nyumbani na kumuuliza Muzdalifa, alisema aliwanasua kwa sababu walikuwa wanalia. Baba, miaka yote hii nimekaa na panya kwenye gundi na sijawahi kusikia hata mmoja akilia. Labda ni kwa sababu ya spika.

2. Mafuta. Panya hatoki kwenye gundi mpaka apakwe mafuta ya kula, taratibu, unyayo mmoja mmoja. Sisemi zaidi. Nitasema tu kwamba mimi nilikuwa nakula mchicha wa kuchemsha, na nilipouliza mafuta ya pamba yamekwenda wapi nilionyeshwa panya, anang'aa kama bwana harusi.

3. Sungura. Jirani yetu Marcelo alikuwa anafuga sungura wa supu. Muzdalifa akaenda kuwaombea msamaha. Sijui alisema maneno gani, ila alirudi nao kwenye tenga, na tangu siku hiyo Marcelo akiniona ananipa pole. Wakapewa chumba cha wageni. Nikamkumbusha binti yako kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akaniuliza sungura atalishikaje. Na tangu utotoni nimesimuliwa kwamba sungura ni mjanja! Tulidanganywa, baba. Hawa wa kwangu walitafuna waya wa kuchajia spika ukiwa kwenye umeme, wakarushwa hadi ukutani, wakatulia kidogo, wakarudi kuumalizia.

4. Dini. Nilimwendea Maalim, naye akaniambia panya ni katika wale wanaoruhusiwa kuuawa. Nikarudi nyumbani kifua mbele. Binti yako akanisikiliza kwa adabu zote ulizomfundisha, kisha akasema, "Na wewe unaruhusiwa kuoa mke wa pili. Mbona hujaoa?" Sijaoa, baba, kwani huyu wa kwanza mwenyewe simwezi.

5. Jina langu mtaani. Generoza, mke wa Marcelo, alichungulia dirishani akamwona panya amekaa juu ya kiti akila karanga. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulishajua kwamba mimi nafuga panya wa chuma ulete, kwamba nawatuma usiku wakaniletee hela za watu. Sasa nikimrudishia mteja chenji anaikunja kwenye karatasi na kuisomea dua. Laiti wangekuwa wa chuma ulete! Hawa kitu pekee walichowahi kuniletea ni soksi ya Marcelo. Moja.

6. Jina lako. Hili naliandika nikiwa nimesimama, kwa heshima.

Miongoni mwa waliookolewa yumo panya mmoja mzee, mnene, mwenye ndevu nyeupe, anayekaa pembeni akiwatazama watu bila kusema kitu. Binti yako alimtazama mara moja tu akasema, "Huyu baba kabisa," akamwita Jumbe. Niambie, mzee wangu, mkwe wa watu nifanye nini? Siwezi kumpita bila kumwamkia. Siwezi kupandisha sauti mbele yake. Asubuhi moja nilitoka bafuni na taulo, nikamkuta Jumbe ameketi sebuleni. Nikarudi kinyumenyume mpaka chumbani, nikavaa kanzu. Na hiyo dawa nitamwekea nani? Ikisikika Nyalikungu kwamba nimemtegea Jumbe gundi, ukoo wenu utanielewa?

Kwa hayo yote, baba, uvumilivu ulinishinda. Nikasema yale maneno ambayo waume husema wakiwa na njaa: chagua, panya hawa au mimi. Nilidhani angalau ataomba muda wa kufikiri. Alichukua ndoo. Mlangoni akasema atarudi kwa sharti moja tu, kwamba sauti yake ifutwe kwenye spika, kwa sababu hataki kuwaita watu waje kuua huku yeye yuko nyumbani anaokoa.

Sharti hilo nimelikataa, na nalikataa tena kwa maandishi. Sauti hiyo ni mali ya biashara. Ndiyo mtaji wenyewe. Mfanyabiashara mwenye akili hafuti mtaji wake kwa sababu panya wamelia.

Kwa hiyo naomba rasmi umrudishe Muzdalifa kwangu akiwa peke yake, bila ndoo, bila tenga. Sungura wabaki dukani kwako, nasikia vitenge ni vitamu kuliko waya. Panya wabaki pia, kwani mgeni wa binti ni mgeni wa baba. Na aje akiwa tayari kurekodi tangazo jipya, lenye dawa ya viroboto, ambayo tuliisahau mara ya kwanza. Ukilikalia kimya ombi hili kama ulivyonyamaza siku ya posa, nitajua umekubali, kwani hata siku ile ulikuwa umekubali.

Msalimie sana Mama, mwambie mikono yake bado naiheshimu ingawa hainifikishii tena sambusa. Msalimie shemeji Naila na wote wa dukani. Na hao wengine wa kwenye ndoo, wape salamu kwa jumla, wasije wakadhani nina kinyongo na mmoja mmoja.

Ni mimi mkweo mtiifu, aliyedhulumiwa,
Tajudin.

N.B. Nilikuwa nimeshaifunga bahasha, nimeifungua tena. Jumbe hakuondoka na wenzake. Siku ile alijificha kwenye gunia la michembe, Muzdalifa akaondoka analia akidhani amekufa. Mwambie yuko salama. Anakula karanga mkononi mwangu, na jioni tunakula pamoja, ingawa najua si adabu kula na mkwe. Mafuta yapo. Waya nimenunua mwingine, nikaupitisha juu, sungura wakirudi hawataufikia.

Na dawa, baba, iliisha kitambo, sijaenda kuchukua nyingine. Ila baiskeli naitoa kila siku. Watu wanatoka na hela zao, nawaambia sina, wananitukana, naendelea. Mwisho wa ile rekodi, baada ya kunguni, kuna kicheko. Nilikuwa nimemtekenya ili akosee, akacheka, sikukikata. Rekodi ikifika hapo napunguza mwendo.

Mwambie basi sharti nimelikubali, na aje na ndoo ikiwa imejaa. Lakini ile rekodi nitaifuta siku akiwa ameshavuka mlango, si kabla. Nikiifuta leo, nyumba hii itabaki na mimi na Jumbe tu, na wewe mwenyewe unajua Jumbe si msemaji.