Mpatanishi wa Ulimwengu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mzee wa galaksi, mtafiti mkongwe wa idara yetu, amestaafu! Chumba chake ki wazi. Chumba chenye dirisha! Nimechungulia kwenye tundu la ufunguo, moyo ukinidunda kama bwana harusi. Mimi, mtafiti wa anga mwenye shahada mbili, nakaa chini ya ngazi na mashine ya fotokopi. Watu huja kutoa kopi, wakaweka karatasi zao mezani kwangu, na salamu hawatoi.

Tatizo ni moja. Mama mkwe anakuja Jumamosi, Siku ya Wageni, kuona ninapofanyia kazi. Nilishamwambia kwenye simu kwamba nina ofisi yenye dirisha. Nadhani niligusia na pazia.

Jumanne, tarehe 4

Mkuu wa Idara ametangaza: chumba atapewa atakayewapatanisha wale wawili kabla wageni hawajatukuta tunaaibika. Wale wawili! Wote ni maprofesa, wote wanapima kasi ya ulimwengu kutanuka. Mmoja, mama wa sauti ya upole, anapima kwa mwanga uliozaliwa kabla ya nyota. Wa pili, baba wa sauti ya baragumu, anapima kwa nyota zinazolipuka. Basi galaksi ileile, umbali uleule: mama anasema inatukimbia kilomita 67 kila sekunde, baba anasema 73. Wanafunzi wamewabatiza: mama ni Sitini na Saba, baba ni Sabini na Tatu. Hawasalimiani. Wakikutana kwenye ngazi, mmoja hurudi alikotoka. Najua, maana ngazi yenyewe iko juu ya kichwa changu.

Fahari wawili zizi moja. Lakini nimepiga hesabu. Wanapishana sita tu! Kila mmoja akisogea tatu, tunakutana sabini. Mbona hawakuliona hili? Akili ni nywele, na zangu leo zimesimama wima.

Jumatano, tarehe 5

Nimemwendea Sitini na Saba. Shikamoo ya adabu, mkoba nikambebea. Nikamnong'oneza kwamba mwenzake amekubali kwamba amekosea, ila anaona haya. Atatamka Jumamosi jukwaani, kwa hiyo asimgusie jambo hilo mapema. Machozi yakamlengalenga. Akasema maskini, lazima amfariji. Nikatoka hapo moja kwa moja kwa Sabini na Tatu, nikampa maneno yaleyale. Huyu alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

Nilipomsimulia mke wangu, aliacha kukunja nguo. Akauliza itakuwaje wakijua. Nikamwambia wakishashikana mikono mbele ya umati, nani ataanzisha ugomvi? Natangaza sabini, makofi, kwisha kazi. Akarudi kwenye nguo zake. Nadhani amevutiwa.

Ijumaa, tarehe 7

Furaha! Nimeandika bango refu kwa rangi nyekundu: ULIMWENGU UNATANUKA KWA SABINI. Nimehamishia kikombe changu chumba cha dirisha. Mlinzi akauliza kwa ruhusa ya nani, nikamwambia atajua kesho.

Nimepima dirisha kwa ajili ya pazia. Mara ya kwanza nikapata hivi, mara ya pili vile. Nikachukua katikati, nikaenda kununua. Pazia halikuenea. Hilo dirisha lina kasoro.

Jumamosi, tarehe 8

Nimeula wa chuya.

Ukumbi ulifurika. Mama mkwe safu ya mbele, amependeza. Sitini na Saba akaingia na keki, Sabini na Tatu na shada la maua, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa huruma. Wakashikana mikono. Makofi! Nikakunjua bango.

Profesa mama akampa profesa baba pole kwa kukosea. Baba akasema aliyekosea ni mama, pole ni yake. Wakanigeukia. Wakasoma bango. Nikajitetea kwamba mimi nimechukua katikati tu, asionewe mtu.

Sitini na Saba akashika kipaza sauti, akawaeleza wageni kwamba kipimo chake kinaweza kukosea, lakini si kwa zaidi ya nusu kilomita juu au chini. Cha mwenzake, kilomita moja juu au chini. Sabini haifiki huku wala kule.

"Akiwa sahihi mmoja wetu, yeyote yule," akasema, "sabini ni uongo."

"Na tukiwa tumekosea wote," akadakia Sabini na Tatu, "ukweli hautapatikana kwa kugawanya kwa mbili."

Wakatazamana. Lilikuwa jambo lao la kwanza kuafikiana. Wakaanza kucheka, wakacheka mpaka baba akalazimika kukaa. Keki ikakatwa. Nilipotazama tena, walikuwa wameligeuza bango langu na kuchora nyuma yake jinsi kila mmoja atakavyokagua vipimo vya mwenzake.

Mkuu wa Idara alifurahi kupita kiasi. Chumba amewapa wao, wafanyie kazi pamoja. Nikamkumbusha mpatanishi ni nani. Akakiri kuwa ni mimi, na kwa shukrani hanifukuzi.

Ndipo mama mkwe akaomba kuiona ofisi. Njia ya mwongo fupi. Nikampeleka chini ya ngazi, pazia nimelikumbatia. Akaitazama mashine ya fotokopi. Akanitazama mimi. Akalichukua pazia, akalifunika juu ya mashine, akalinyoosha vizuri. Lilienea barabara.

"Dirisha litakuja, mwanangu," akasema.

Nililia kidogo. Aibu ilinishika kwelikweli.

Jumapili, tarehe 9

Nyumbani moto! Mama mkwe anataka kukaa nasi wiki nane. Mke wangu anasema mbili. Hawasemezani, hata chumvi wanaombana kupitia kwangu.

Nimepiga hesabu. Wiki tano! Nimemnong'oneza mama kwamba bintiye amekubali, ila anaona haya. Nikapita chumbani, nikamnong'oneza mke wangu kuhusu mama. Akaacha kukunja nguo. Akamwita mama yake, wakajifungia. Baadaye nikasikia vicheko. Wamepatana!

Kweli wamepatana. Mama atakaa wiki zote nane, atalala na bintiye chumbani kwetu, kwenye dirisha. Mimi nitalala kwenye kochi, koridoni.

Si neno. Wao wanasema kochi, mimi nasema kitanda. Hapo hapakosi mapatano. Nimeshapima: katikati ya kochi na kitanda ni sakafuni, mlangoni mwa choo. Kesho nawapelekea pendekezo.