Koleo la Dhahabu kwa Kituo cha Vinyonga

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kaunti ya Okahatchee, uliyetuma udhuru, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, ambaye hata udhuru hukutuma, Mkuu wa Zimamoto, pamoja na gari lako jekundu tuliloliazima kwa ajili ya picha, Malkia wa Tamasha la Kambale wa mwaka huu na wa mwaka jana, ambao naona mmekaa mbalimbali, Mchungaji Dale, wanachama wote wa Klabu ya Wafugaji wa Vinyonga, mliokuja na viti vyenu vya kukunja kwa sababu vya kwangu havikufika, Bi Odalys Ferreiro, uliyenifundisha darasa la tatu na unayeendelea kunitazama kwa jicho lile lile, mke wangu Lorna, na vinyonga wote, mlio hapa na mliobaki nyumbani chini ya taa zenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi, Wendell Hargrove, Naibu Kamishna wa Tatu anayeshughulikia Mifereji, Mbu na Wanyama Wadogo, nasimama mbele yenu katika kofia hii ngumu isiyonienea, nikiwa na furaha isiyo kifani ya kutia koleo la kwanza katika ujenzi wa Kituo cha Elimu na Msaada kwa Wafugaji wa Vinyonga, ambacho kwa mujibu wa mpango mkakati, na kwa kuzingatia upembuzi yakinifu nilioufanya mwenyewe Jumamosi moja baada ya chakula cha mchana, kitakuwa na kumbi mbili za semina elekezi, chumba cha mganga wa wanyama, na namba ya simu ya dharura inayopokelewa usiku na mchana na wataalamu waliobobea. (Makofi. Sauti: “Lini?”) Swali nimelisikia, na nalipokea kama maoni.

Takwimu hazidanganyi, ndugu zangu, ingawa hizi nilizikusanya mimi. Katika awamu ya kwanza tumewafikia wafugaji kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa wa nyumbani kwangu, na asilimia tisini na moja wamesema wameridhika kabisa na uongozi wangu. Aliyebaki ni mke wangu. (Kicheko. Bi Lorna anapunga mkono.) Aidha, tumegawa mabakuli mia mbili ya kunywea maji, yenye picha yangu chini, ili kinyonga akimaliza maji anione. (Kicheko kirefu, ambacho Mheshimiwa anakidhania cha furaha. Sauti: “Kinyonga hanywi bakulini, Wendell! Analamba matone majanini!”) Ahaa. Basi hiyo ndiyo sababu hakuna kinyonga hata mmoja aliyewahi kuniona. Tutaliboresha hilo katika awamu ya pili.

Sasa, kwa kuwa tuna dakika arobaini kabla mvua ya saa tisa haijatufukuza, naomba niwatambulishe balozi wa mradi huu, aliye kwenye kizimba hiki hapa mezani, Kanali. Binti yangu Tess alipokwenda chuo aliniachia huyu kinyonga wa Yemeni, pamoja na barua ya maelekezo ya kurasa nne, ambayo ukurasa wake wa kwanza nimeusoma kwa umakini mkubwa. Akaniambia, “Baba, niahidi nitamkuta hai.” Nikaahidi, maana kuahidi ndiyo kazi yangu.

Mtazameni! Ameacha kijani chake cha kila siku, amejivika weusi wenye madoa ya buluu na ya njano, ambazo ni rangi za bendera ya kaunti yetu. Nani alimfundisha? Hakuna. Huo ni uzalendo. Leo ni siku ya nne hajagusa nyenje hata mmoja, anafunga kwa kuwahurumia wafugaji wanaokisubiri kituo chao. Na kutwa nzima anakwangua sakafu ya kizimba, anakwangua hata kucha zinalia, kwa sababu naye anataka kutia koleo! (Makofi mawili. Wanachama wa Klabu wanasimama wote kwa pamoja. Mtu anasema, “Mungu wangu.”)

Asanteni, asanteni, kaeni. Bi Odalys, nawe kaa, maswali ni mwishoni. (Bi Odalys: “Sikai. Mgeuze nimwone kisigino.”) Kisigino? Ratiba haina kipengele cha kisigino. (“Wendell!”) Ndiyo, mwalimu. Hiki hapa. (“Dume wa jamii hii huzaliwa na kijipembe nyuma ya mguu. Kiko wapi? Hakuna. Kanali wako ni jike, mwanangu, na amejaa mayai.”)

(Minong’ono.) Bi Odalys, kwa heshima zote, huyu ameishi peke yake tangu aingie nyumbani kwangu, na nyumba yangu ni ya watu wenye maadili. (“Kuku wangapi hutaga bila jogoo? Anatafuta mchanga wa kuchimba. Asipoupata, mayai yatamuua humo ndani. Tess alinijia mimi kabla ya kuandika ile barua. Jambo hili liko ukurasa wa pili.”)

Ukurasa wa pili. (Mheshimiwa anavua kofia.) Vema. Wananchi, msiwe na hofu, kwani hali kama hii ndiyo iliyokusudiwa na mradi wetu, na sasa mtashuhudia mfumo ukifanya kazi. Aliye na kikaratasi tulichogawa katika awamu ya kwanza apige ile namba ya dharura. (Bi Odalys anapiga. Simu inaita mfukoni mwa Mheshimiwa. Inaendelea kuita.)

Naam. Wataalamu waliobobea ni mimi.

(Bi Odalys: “Mwezi wa tatu niliipiga mara tisa. Kinyonga wangu, Perla, nilimpa mchanga, lakini mayai yakakwama. Mganga wa vinyonga yuko mbali, mjini Tampa, nami siendeshi tena gari. Kikaratasi chako kilisema mganga atakuja nyumbani. Nikamngoja siku tatu, Wendell, nimemshika Perla mkononi mpaka akafa.”)

Simu zile niliziona. Nilidhani ni watu wa kuuza bima. Hapa kwenye karatasi yangu imeandikwa “pumzika, wapige makofi,” lakini naomba msipige. Naona aibu, Bi Odalys. Kwa miaka sita nimekuwa nikilihutubia kila jambo lenye miguu katika kaunti hii, na la pekee lililohitaji nipokee simu, sikuipokea.

Huyu tumfanyeje? Niambie nami nitafanya. (“Mchanga. Wa kina cha mkono, wenye unyevu. Sasa hivi.”) Mchanga! Mchanga tunao! Wakuu, sogeeni, wekeni chini makoleo yenu ya dhahabu. Lile sanduku kubwa la mbao ambamo tungechota kwa ajili ya picha, mnadhani kwa nini limejazwa mchanga na kuwekwa juu ya lami? Kwa sababu hapa ni lami, ndugu zangu, lami tupu, na koleo la dhahabu ni la plastiki. (Kicheko kidogo.) Aliye na chupa ya kunyunyizia alowanishe. Tosha. Mchungaji, nishikie kofia. Taratibu, Kanali. Taratibu, mama.

(Kinyonga anawekwa sandukuni. Anasimama. Anatembeza jicho moja kwa Mheshimiwa na la pili kwa Malkia wa Kambale. Anaanza kuchimba. Vifijo.)

(Bi Odalys: “Nyamazeni! Akiona anatazamwa ataacha, na akiacha yatakwama. Mzungushieni turubai, mwondoke. Na wewe Wendell, funga mdomo.”)

Bi Odalys, zimebaki kurasa kumi na moja. (“Wendell.”) Basi nifunge kwa kunong’ona, nanyi mniitikie kwa kunong’ona. Matone? (Umati, kwa sauti ya chini: “Majanini.”) Mabakuli? (“Jalalani.”) Kanali? (“Mama!”) Chinichini jamani, chinichini.

Nawashukuru nyote. Namshukuru Mkuu wa Zimamoto kwa gari, na Mchungaji Dale kwa mchanga huu, ambao ni wa watoto wa shule ya Jumapili na nilisema nitaurudisha kabla hawajajua. Simshukuru mkandarasi, kwa sababu hayupo. Ramani mliyoiona langoni ni ya kliniki ya meno ya shemeji yangu. Kiwanja hiki ni maegesho ya duka lililofungwa, na mwenye nacho hajui kwamba tuko hapa. Kituo hakijawahi kuwamo kwenye bajeti, wala kwenye kikao, wala popote isipokuwa kinywani mwangu. Kilichokuwapo ni sanduku hili tu, na sasa limepata mwenyewe.

Tokeni kwa ncha za vidole, kunjeni viti mkifika barabarani, na mtu asigeuke nyuma. Mimi nitabaki kule nyuma ya gari la zimamoto na barua ya Tess, nikianzia ukurasa wa pili. Bi Odalys, namba ni ile ile. Nimeizima sauti, itatetemeka tu. Ukinipigia leo usiku kuuliza ametaga mangapi, nitapokea.