Rufaa ya Koti la Mtumba

Jumatatu, 7 Machi 1994
Nyumbani, Maguu. Niko nje kwa dhamana. Miaka miwili jela kwa misokoto mitatu ya bangi kwenye koti! Enzi hizi za ruksa kila mtu anauza atakacho, hata kahawa inanunuliwa na watu binafsi, lakini wa kufungwa ni mimi Othmar. Aliyenikamata ni jirani yangu Mansuetus, mgambo. Wivu tu wa shamba. Nimekata rufaa. Hoja: koti ni la mtumba, misokoto ilikuja nalo kutoka Ulaya. Mimi bangi siijui hata kwa sura.

Jumatano, 9 Machi
Mke wangu Vitalia kaona kifuko changu cha mbegu darini. Kelele! Eti nikatupe chooni upesi, nikifungwa yeye atabaki na watoto na kahawa peke yake. Hana mipango huyu. Wiki hii tunatengeneza ngoro, matuta yetu ya mlimani yenye shimo katikati: mimi napanga nyasi kwa miraba, yeye anapanda maharage na kufukia kwa udongo. Nikazimwaga mbegu juu ya nyasi, mstari kwa mstari, naye akafukia bila kujua. Zitaoza huko huko. Akili mali!

Ijumaa, 18 Machi
Songea. Nimeshinda! Koti la Ulaya jaji hakulitaja kabisa. Kasema misokoto haikupimwa na mkemia, hivyo haijathibitishwa kuwa ni bangi. Nikasimama kuapa tena kwamba siijui. Kaniambia nikae. Vitalia kalia kwa furaha mpaka nikaona aibu.

Jumapili, 20 Machi
Baada ya misa nilimkaribisha Mansuetus shambani, aone mtu huru anavyolima. Maharage yamechipua, mistari imenyooka. Roho ilimuuma, nilimwona! Akainama. Akauliza, kwa upole kabisa, haya yenye majani ya meno meno ni maharage gani. Akanyoosha mkono ang'oe moja. Nikamfokea asiguse, bangi changa haitaki kushikwashikwa!
Vitalia akakaa chini pale pale kwenye tuta.

Jumatatu, 21 Machi
Mahabusu, Mbinga. Safari hii wamewahi kwa mkemia. Vitalia kaleta ugali, hakunisalimu, macho yamemvimba. Nikamwambia asihofu, rufaa ipo: mbegu zililetwa na upepo kutoka shamba la Mansuetus. Akauliza ni upepo gani unaopanda kwa mistari, mraba kwa mraba. Mwanamke huyu angekuwa jaji ningekwisha! Nimemjibu: upepo wa Maguu. Miaka yote hii unapita shambani kwetu, utakosaje kujua ngoro?