Vichwa Ishirini Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 16 Machi

Vichwa vinne! Prof Archibong kavihesabu kwa vidole mbele ya idara nzima ya fiziolojia, kama anafundisha chekechea. Miaka mitatu mashine ya kupima mawimbi ya ubongo iko chumbani kwangu. Utafiti unahusu kumbukumbu za wanawake wa mji wetu wa Calabar. Na mimi, Dokta Asuquo Ansa, nimepima vichwa vinne, vyote vya wanaume wenye vipara. Kimoja ni changu.

Nikajieleza. Kofia ya mashine ina vifungo ishirini, na kila kifungo lazima kiguse ngozi ya kichwa. Ngozi, si nywele. Wanawake wa mji huu wamesukwa wote, kuanzia mfagiaji hadi mke wa Makamu Mkuu wa Chuo. Ukimwomba mmoja afumue, anakutazama kama umemwambia avue nguo. Prof akasema wimbo huo anausikia tangu mwaka juzi. Wanawake ishirini kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, la sivyo mashine inahamia kwa Dokta Mfon.

Mfon! Miaka miwili tu hapa idarani. Alikuwa anafundisha figo, sasa anautaka ubongo. Muda wote alikuwa anaandika kwenye daftari lake. Mtu anayeandika wakati mwenzake anaaibishwa, simwamini.

Bila mashine, cheo cha mhadhiri mwandamizi nisahau. Nimeshakikosa mara nne. Lakini jarida la habari za idara mhariri wake ni mimi, na kichwa cha habari cha Ijumaa kiko tayari: DOKTA ANSA AFUNGUA UBONGO WA MWANAMKE. Nikakisoma tena, nikaona kinatisha. Nimebadilisha: AUELEWA.

Jumanne, 17 Machi

Mpango wa chakula. Asubuhi nikabandika tangazo: afang ya bure, ile supu nzito ya majani na konokono, chumba namba saba, kwa kila msichana atakayekuja na nywele wazi. Mke wangu akapika sufuria kubwa, huku analalamika. Eti kwa nini tangazo limebandikwa kabla yeye hajaambiwa. Angeambiwa lini, na sayansi haina subira?

Wakaja thelathini na mmoja. Nywele zimemwagika mabegani. Sikuamini macho yangu. Nikawaacha wale kwanza, nisionekane nina papara. Afang ikaisha, konokono wakaisha, sufuria ikakwanguliwa. Ndipo nikaleta kofia. Msichana wa kwanza akazivua nywele zake zote, akaziweka mezani kando ya sahani.

Wigi! Chini ya wigi, kofia ya soksi. Chini ya kofia, twende kilioni imebanwa mpaka nyusi zimepanda. Wa pili vilevile. Wa kumi vilevile. Nikawaambia basi wafumue, chakula si wamekula? Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Inyang, akaniuliza kwa upole kabisa: "Dokta, nilikaa saa sita kwa Mama Arit. Ukinifumua, utanisuka wewe?"

Walicheka mpaka wakafika nje. Mfon akapita, akaona sahani chafu zimejaa, akauliza kama nimefiwa.

Jumatano, 18 Machi

Akili ni nywele! Waliosema hivyo walinifikiria mimi. Mama Arit ni msusi, saluni yake iko pale getini, na kila kichwa cha chuo hiki kinapita mikononi mwake. Kabla ya kusukwa upya, mtu lazima afumuliwe. Kwa hiyo kila siku, kwenye kile kiti chake, kuna saa nzima kichwa kiko wazi. Mfon hawezi kulifikiria jambo kama hili.

Nikabeba mashine nikaenda. Sikumweleza mengi. Nikamwambia ni kipimo kidogo cha kichwa, kwa faida ya taifa. Akaanza kuuliza vifungo vinakaa wapi, umbali gani kati ya kimoja na kingine, kwa nini pale na si hapa. Nikamwambia asijisumbue, hayo ya kitaalamu aniachie mimi. Akasema sawa, Dokta. Ile sawa ya mtu anayekuona huna maana.

Mteja wa kwanza nywele zimesimama kama kichaka. Vifungo vikaelea juu kwa juu. Mashine ikachora mstari mnyoofu kabisa, yaani kwa mujibu wa kitabu, huyo ni marehemu. Marehemu alikuwa anatafuna karanga. Wa pili kashapakwa mafuta, vifungo vikateleza hadi shingoni. Wa tatu nikammwagia jeli nusu chupa, akaona ubaridi mtamu, akalala. Mawimbi mazuri ajabu. Ya usingizi! Wa nne umeme ukakatika, jenereta ikawashwa, na mashine ikanguruma pamoja nayo.

Jumla ya siku: sifuri. Lakini dawa nimeipata. Kesho nazichana mwenyewe, fungu kwa fungu, kwa chanuo langu mwenyewe, mpaka ngozi ionekane.

Alhamisi, 19 Machi

Hasira haijaniisha. Ngoja niandike hivyo hivyo.

Asubuhi ilianza vizuri. Hadi saa nne nilikuwa na vichwa vitatu, mawimbi safi, wateja macho. Chanuo likawa linajaa nywele. Mimi ni mtu wa maabara, uchafu siuwezi. Nywele za kila mtu nikazitia kwenye bahasha yake. Na bahasha isiyoandikwa ni takataka, basi nikaandika: jina la mwenye nywele, tarehe, na jina la mama yake mzazi, maana hapa majina yanafanana mno. Nikazipanga vizuri mkobani.

Mteja wa tatu, mama mmoja muuza samaki, akauliza nywele zake ziko wapi. Kwa Mama Arit kila mtu huondoka na nywele zake kwenye mfuko, akazichome mwenyewe nyumbani. Nalijua hilo! Mama yangu alikuwa anachoma zake nyuma ya jiko. Lakini mimi nilikuwa kazini. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, ziko salama, naenda nazo ofisini.

Saluni nzima ikaacha kusuka. Mtu akaufungua mkoba. Bahasha zikasomwa kwa sauti, moja moja. Muuza samaki aliposikia jina la marehemu mama yake, akakaa chini sakafuni akaanza kulia. Nikaeleza kwamba huo ni utaratibu wa utafiti. Nikaeleza zaidi. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo walivyousogelea mlango, na si kwa kutoka. Wakaufunga.

Aliyeniokoa ni Mama Arit. Akawaambia wanitazame vizuri: mtu aliyeshindwa na vifungo ishirini, uchawi atauweza? Wakanitazama kutoka juu hadi chini. Wakakubaliana naye wote. Bora wangenipiga.

Akamwinua muuza samaki, akachoma bahasha zote nje mbele ya macho yao. Na matokeo yangu matatu nikaambiwa niyafute, nikayafuta. Halafu akanikabidhi mashine. "Dokta," akasema, "miaka mitatu unapita mlangoni kwangu. Ungeniuliza tu."

Nimuulize nini mimi?

Habari ilifika idarani kabla yangu. Prof hakungoja Ijumaa. Saa nane mchana mashine ilikuwa chumbani kwa Mfon.

Ijumaa, 20 Machi

Foleni kutoka mlangoni kwa Mfon hadi kwenye ngazi. Wanawake tupu. Na wote wamesukwa! Nikacheka peke yangu. Nikasogea nimwone anavyoumbuka.

Hakuumbuka. Tangu Jumatatu kila akitoka kazini alikuwa anakwenda kwa Mama Arit na lile daftari. Amechora kichwa, ameweka alama ishirini, wakakaa pamoja wakapanga mistari. Kumbe yale maswali ya Jumatano Mama Arit alikuwa ananipima tu. Mama Arit na wasichana wake wa saluni wamesuka usiku kucha, kama kawaida, ila njia za ngozi kati ya mistari zinapita palepale vifungo vinapotakiwa kugusa. Kofia inakaa yenyewe. Hakuna kufumua, hakuna kuchana, hakuna unywele unaobaki. Na kila mmoja anaelezwa kwanza, anauliza anachotaka, ndipo anakaa. Hata muuza samaki alikuwepo. Aliponiona akakishika kichwa chake kwa mikono miwili.

Ilipofika saa kumi, vichwa ishirini na kimoja. Mtindo umeshapewa jina mjini, unaitwa Fiziolojia. Wanauagiza hata wasiojua chuo kiko wapi.

Prof akanipa kazi ya kuandika habari yenyewe. Mimi! Nikaiweka ukurasa wa nne, chini ya tangazo la chakula cha panya wa maabara. Akairudisha ukurasa wa kwanza kwa kalamu nyekundu, akadai na picha ya Mama Arit ameshika chanuo, chini yake maneno: mtafiti mwenza. Miaka kumi na sita nasoma, na msusi kanipita kwa siku tano.

Jumapili, 22 Machi

Baada ya kanisa nikamkuta Mfon sebuleni kwangu, anakula na mke wangu. Mke wangu akavua kilemba. Fiziolojia! Mistari ileile. Yeye alikuwa kichwa cha kumi na nne.

Nikamuuliza inakuwaje mke wangu wa ndoa akampelekea hasimu wangu ubongo wake. Hakupandisha hata sauti. "Mfon aliniomba. Wewe ulinipikisha afang."

Nikasogea. Nikaitazama mistari ile kichwani kwake, mmoja mmoja. Miaka mitatu natafuta kichwa cha mwanamke mji mzima, na huyu nalala naye kitanda kimoja.

Mfon si mtu mbaya, nakiri. Amesema mashine niichukue kila Jumatatu, utafiti tuufanye wote, jina langu liwemo, na cheo bado naweza kukiomba. Sharti ni moja tu: kwanza nikakae kwa Mama Arit siku nzima, nimsikilize. Nikaitikia. Nikamshukuru. Mke wangu akanitazama kwa upendo kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Wakati wanaosha vyombo nikapata wazo. Shule ya sekondari ya wasichana kule mlimani! Kanuni yao ni kunyoa. Vichwa mia tatu, hakuna msuko hata mmoja. Kesho ni Jumatatu, mashine ni yangu. Nitasema ni kipimo cha macho.

Mkuu wa shule sijamwambia. Wanawake ukianza kuwauliza, hawamalizi kujibu.