Kielekezi cha Jino la Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Nyota yangu imewaka! Mama mkwe ana jino la nyuma linalomkosesha usingizi. Picha inaonyesha mfereji wa mzizi umeziba kama bomba kuukuu. Ukitoboa kwa kubahatisha, unapasua mzizi, na jino ndiyo basi. Tena ndilo la mwisho analotafunia upande ule. Mke wangu anataka apelekwe kwa Mkono Mwepesi, daktari wa meno mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Eti mzoefu. Huyo ndiye ambaye mama mkwe alitamani amwoe binti yake! Atajuta.

Jumanne, 7 Mei
Dawa yake ni kielekezi. Nimepiga picha ya taya, nikapitisha kamera mdomoni, kompyuta ikaziunganisha, nikachora njia ya keekee ya kutobolea hadi kwenye mfereji. Mashine itachapa kifuniko cha plastiki chenye tundu. Unakivika juu ya meno, unapitisha keekee, hupotei ng'o. Nesi kauliza kama nimekikagua kinywa vizuri. Nikamwambia mkwe hakaguliwi meno kama mbuzi mnadani.

Alhamisi, 9 Mei
Kimetoka! Kinang'aa! Nimemwalika Mkono Mwepesi aje kesho kwa ajili ya kujifunza. Sikusema ajifunze nani. Nimenyoa ndevu.

Ijumaa, 10 Mei
Balaa. Mama kitini, mke wangu kando yake, ganzi imeingia, Mkono Mwepesi kasimama mikono nyuma. Navika kielekezi: kinacheza kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto. Nabonyeza. Kinacheza. Nikasingizia plastiki. Nikanyanyua keekee hivyo hivyo, nesi akanidaka mkono.

Mkono Mwepesi akamwinamia mama, akamwamkia kwanza, mnafiki yule, kisha akauliza kwa upole kama siku ya picha alikuwa na meno mengine. Mama akafungua pochi, akafunua leso. Meno manne ya bandia! Siku ya picha aliyavaa, leo kayavua akiogopa kuyameza. Miaka yote nimekula naye meza moja!

"Baba," akaniambia, ulimi mzito kwa ganzi, "ningekuonyeshaje mapengo, nawe mkwe wangu?"

Nikapendekeza ayarudishe tuendelee. Mkono Mwepesi akasema meno ya kuvuliwa hayawezi kushikilia kielekezi. Tupige picha upya. Mke wangu akaafiki, tena kwa sauti.

Jumatano, 15 Mei
Kielekezi kipya, cha Mkono Mwepesi, kimekaa kitako. Keekee ikashuka moja kwa moja, mfereji ukaonekana. Jino limepona. Mama amesema kijana ana mkono kama pamba. Mimi nilishika taa.

Jumamosi, 18 Mei
Nimetafakari sana. Kosa langu lilikuwa moja: nilimpa mgonjwa nafasi ya kujiandaa. Leo baba mkwe kaja kutusalimia, kashika shavu. Alipopitiwa na usingizi kwenye kochi, mdomo wazi, nikaingiza kamera polepole. Safi kabisa! Mke wangu kauliza ni jino lipi linalomuuma baba yake. Maswali madogo madogo! Mashine imeshaanza kuchapa.