Wadudu Wangu wa Ushahidi

Jumatatu, 4 Agosti

Alhamisi shamba langu linakaguliwa. Nikipita, nitakuwa mwanachama wa ushirika wa kahawa hai hapa Dindira, kahawa isiyopigwa dawa za dukani. Mjini wanaikamua kwa mashine na kuiita espreso. Kikombe cha mtoto kuchezea, bei ya mtu mzima.

Marehemu baba alitoka Kigoma kuja kukata mkonge. Nilizaliwa kambini Handeni, nimezeekea huku milimani, na bado jirani yangu Mhina ananiita Mzee wa Mkonge. Mwanachama haitwi hivyo. Mwanachama ni mtu wa kahawa.

Kikwazo: katika ushirika, jirani humkagua jirani. Yaani Mhina.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeipitia mibuni yangu. Balaa! Ni safi mno. Mke wangu Rosina huokota wadudu kwa mkono kila asubuhi, kisha hunyunyiza majivu na pilipili. Hakuna jani lenye tundu. Mhina akiuona ung'avu huu atasema nimepiga dawa kwa siri. Mimi ningesema hivyo.

Rosina kasema, Baba Edna, shamba safi ni shamba safi, kalale. Hajui siasa za ushirika.

Nahitaji wadudu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamkia shamba la Hussein, aliyelitelekeza akaenda kuuza machungwa Segera. Neema tupu! Viwavi wanono. Buni zilizotobolewa na wale wadudu weusi, wadogo kuliko punje ya ulezi. Nimejaza ndoo.

Viwavi nimewapanga majanini, pale macho ya mkaguzi yatakapofika kwanza. Wavivu! Wamelala. Nimechukua sindano ya Rosina na kutoboa majani mwenyewe, mpaka mgongo ukagoma. Buni za Hussein nimezitawanya chini ya kila mbuni. Rosina kauliza ninashona nini huko nje. Nimemjibu: heshima yetu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kaja Mhina na Loyce, mtaalamu wa ushirika kutoka Korogwe. Binti ana adabu, kanipa shikamoo kwa mikono miwili. Kabla sijafungua mdomo, Mhina akaanza: hili ndilo shamba la mfano, mzee na mkewe huokota wadudu kwa mkono, sote tungekuja kujifunza hapa.

Mhina! Kwa nini hakuniambia mapema? Ujeuri mtupu.

Wakaingia shambani. Mhina akasimama akiyakodolea majani macho. Nikamsaidia: nikawaonyesha viwavi kwa fimbo, nikauliza dawa ingewaacha hai? Loyce akachuma buni, akaipasua kwa ukucha. Mdudu ndani. Tayari wameshahamia kwangu! Akasema kwa upole, mzee wangu, kilimo hai si kufuga wadudu. Mhina akaapa kwamba Jumapili alipopita hapa wadudu hawa hawakuwepo.

Nimekataliwa. Buni zote, mbivu kwa mbichi, zichumwe na kufukiwa kabla wadudu hawajavuka kwa majirani. Msimu mzima! Rosina alishika jani lenye matundu yaliyonyooka mstari kama mshono, akanitazama.

Ijumaa, 8 Agosti (Nane Nane)

Ushirika ulikuwa uende Korogwe kuwaonjesha watu espreso. Badala yake wamekuja kuyazika mazao yangu. Sikukuu ya wakulima! Hajira, mke wa Mhina, kaleta makande. Watu walinitania: Mzee wa Mkonge siku hizi mfugaji, atakamua lini? Mhina kawaambia mwacheni, ni mzee wetu. Kisha akachimba shimo hadi likamfika kifuani. Anatafuta sifa.

Walinipa espreso yangu, mashine walikuja nayo. Chungu, nzito. Nilipoanza kuielewa ilikuwa imeisha.

Jumapili, 10 Agosti

Rosina ameanza tena kusema nami. Kuhusu chumvi tu.

Mhina kapita jioni. Kasema ameniombea kwa wenzake. Msimu ujao nitakaguliwa tena, na nikimwacha Rosina aendelee na kazi yake nitapita. Wivu wa mtu huyu! Kadokeza pia kwamba safari hiyo Loyce ataanza na udongo, aone kama una uhai.

Uhai! Kuna bwana mmoja Mombo anatega fuko, wale panya wanaotafuna mizizi chini kwa chini. Nimempigia simu. Nimeagiza wazima, dume na jike.